Na sisi wa nyuma tumelipia: barua ya wazi kwa waandaaji wa mbio ndefu

Kwa waandaaji wa mbio za barabarani nchini, viongozi wa riadha wa taifa na mikoa, na maofisa michezo wa halmashauri,

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Mbagala, bibi wa wajukuu wanne, mwanachama wa kikundi cha jogingi kinachokutana kila Jumamosi alfajiri. Sijawahi kushinda mbio zozote na sitarajii. Ninachowaomba ni kimoja: kwenye mbio zenu za kilomita 21 na 42, wekeni makundi ya kutembea na makundi ya kukimbia na kutembea kwa zamu, yenye kiongozi, bendera na mtu wa kufunga mkia, yaani anayekwenda nyuma ya wote. Na saa ya kufunga njia iandikwe kwenye fomu kabla mtu hajalipa.

Nianze na yaliyonikuta. Mbio zenyewe sizitaji, maana sijaja kumchongea mtu. Nililipa shilingi 40,000, nikapewa fulana, namba ya kifuani na chipu ya kupimia muda. Fomu iliniuliza umbali, saizi ya fulana na simu ya ndugu wa karibu. Haikuniuliza nitakwendaje, wala haikusema barabara itafungwa mpaka saa ngapi. Nikapiga simu kuuliza. Kijana aliyepokea alinijibu kwa adabu zote: "Mama, wewe njoo tu, hata wanaotembea wanakaribishwa." Nikalichukua neno "wanakaribishwa" kama lilivyo, nikaenda.

Tulianza saa 12:00 asubuhi. Mpaka kilomita ya nane tulikuwa wengi, tunapiga soga. Kilomita ya 13, kwenye meza ya maji, niliwakuta vijana wawili wanamwaga ndoo mtaroni na kukunja meza. Ilikuwa saa 2:15. Mmoja akashtuka kuniona, akapekua boksi, akanipa chupa iliyobaki. "Shikamoo mama. Tulijua mmeisha." Hakuwa na ubaya wowote. Aliambiwa afunge saa mbili na robo, akafunga.

Kilomita ya 16 trafiki alishafungua barabara. Daladala zikarudi na honi zake. Konda mmoja akaning'inia mlangoni akanipigia kelele: "Bibi, panda, medali tutakupa humuhumu!" Gari zima likacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa nisingecheka ningelia. Kuanzia hapo nilitembea kwenye mchanga wa pembeni, bodaboda zinanipita kulia, na nyingine zinanijia usoni kwa njia isiyo yao.

Mbele kidogo nikamkuta baba mmoja ameketi kwenye ukingo wa mtaro. Jasho lilikuwa limemkaukia usoni na shingoni, chumvi imechora mistari myeupe. Alikuwa amekunywa maji kila meza aliyoipita, akanunua chupa mbili nyingine dukani, na sasa anayatapika. Akaniuliza tuko kilomita ya ngapi. Nikamwambia. Baada ya dakika moja akaniuliza tena, vilevile, kana kwamba hatujaongea. Gari la wagonjwa lilishaondoka na wakimbiaji. Mimi na muuza mihogo wa pale tukampakia kwenye bajaji akapelekwa zahanati. Jioni nilimpigia simu, alikuwa ameshapata nafuu, anaomba chai. Namshukuru Mungu, na namshukuru muuza mihogo, ambaye hakuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote siku ile.

Nilifika saa 3:40. Lile geti la kujaza upepo lilikuwa limelala chini, nusu limesinyaa, kama nyangumi aliyetupwa ufukweni, na vijana wanalikanyaga kulitoa hewa. Mkeka wa kusomea chipu ulishaviringishwa. Medali zilikwisha. Kwenye orodha ya matokeo, mbele ya namba yangu, imeandikwa kwamba sikumaliza.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiria jambo moja linalonichekesha. Septemba 15, 2025, kule Tokyo, Alphonce Simbu alitupa dhahabu ya dunia ya marathoni. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ndiyo iliyoamua: sehemu tatu za mia ya sekunde. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mchezo huu, basi, una uwezo wa kuwatenganisha watu wawili kwa muda usiotosha hata kupepesa jicho. Lakini haukujua kama bibi mmoja wa Mbagala amefika au bado yuko barabarani na bodaboda.

Mtasema suluhisho ni watu kama mimi kubaki kwenye kilomita 5. Kilomita 5 nazitembea kila Jumamosi na fungu la mchicha mkononi wakati wa kurudi. Nataka 21. Daktari wangu anataka nitembee. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mimi nazipata kwa kuwa tu kuna siku mbele ninayojiandaa nayo. Ukiiondoa siku hiyo, nitaamka Jumamosi nigeuke upande wa pili nilale. Nawajua watu, nimewafundisha kuanzia wakiwa na umri wa miaka saba.

Hapo ndipo ninapotaka kuzungumza kama mwalimu. Nimekuwa mwalimu wa zamu kwa miaka mingi, na aliyesoma shule ya msingi nchi hii anajua alfajiri ya mwalimu wa zamu maana yake nini: mchakamchaka. Giza halijatoka vizuri, watoto wamepanga mistari, vumbi linanuka umande. Mbele anakaa mwenye sauti, si mwenye mbio. Huyo ndiye anayeanzisha wimbo, na miguu ya watoto wote inaanguka kwenye mdundo wake. Akiimba haraka, wanakwenda haraka. Akivuta wimbo, wanapunguza. Kwenye kilima nilikuwa namwashiria mwimbaji kwa kiganja tu, naye anaurefusha ule mstari, na hakuna mtoto anayejua kwamba tumepunguza mwendo. Nyuma kabisa anakaa kiranja, na kazi yake ni moja: asiwepo mtu nyuma yake. Mtoto akifunguka kiatu, kiranja anasimama naye. Mwenye pumu tulimweka mstari wa pili, karibu na wimbo, maana ukimweka mwisho anakata tamaa kabla ya kuchoka.

Sikuwahi kupoteza mtoto. Na sikuwa na saa ya mkononi inayohesabu hatua.

Kwa hiyo kila ninapoona mwandaaji anahangaika kuwaza namna ya kuongoza watu wa mwendo wa polepole, nashangaa. Nchi hii ina mamilioni ya watu waliolelewa kwenye kundi linaloongozwa kwa mdundo. Vikundi vya jogingi vya Temeke na Mbagala mnavyoviona vimejaa barabarani Jumamosi na Jumapili kwa fulana za rangi moja, filimbi na nyimbo, ni mchakamchaka uleule uliokua ukaanza kulipa kodi ya nyumba. Viongozi mnao. Hamjawaita.

Najua wapo wanaoona kukimbia na kutembea kwa zamu ni ujanja wa wavivu. Jeff Galloway hakuwa mvivu. Alikimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Mwaka 1974, kule Florida, akapewa darasa la watu ambao hawakuwa wakimbiaji. Akawapangia vipindi vya kutembea katikati ya kukimbia, na kutokana na darasa lile akajenga njia inayotumiwa leo na watu wa nchi nyingi. Siri yake ni ndogo lakini wengi wanaikosea: unatembea kabla hujachoka. Unaanza kutembea kilomita ya kwanza, ukiwa bado una nguvu za kumcheka anayetembea. Ukingoja mpaka miguu ikatae, hapo hutembei, unajikokota, na kichwa kinakuambia umeshindwa. Misuli inayofanya kazi ya kukimbia inapumzishwa kila baada ya dakika chache, joto la mwili linapungua kidogo, na kilomita ya 18 mtu bado anazungumza.

Tena hesabu yake si mbaya hata kidogo. Chukueni kalamu. Mtu anakimbia dakika 2 kwa mwendo wa dakika saba na nusu kwa kilomita, mwendo wa mtu mzima asiye na haraka, kisha anatembea dakika 1 kwa mwendo wa dakika 11. Kila dakika tatu anakuwa amekwenda kama mita 357. Endeleeni mpaka 21.1. Anafika kwa saa 2 na dakika 57. Ukimpa dakika 1 ya kukimbia na 1 ya kutembea, kwa mwendo uleule, anatumia saa 3 na dakika 8. Anayetembea moja kwa moja kwa nguvu, dakika 10 kila kilomita, saa 3 na dakika 31. Hawa si watu wa kusubiriwa mpaka adhuhuri. Wanachokosa ni mdundo: peke yake mtu huyo anaanza kwa kasi na vijana, anakatika kilomita ya tisa, anamaliza kwa saa nne akichechemea. Nimemwona. Nimekuwa yeye.

Afrika Kusini wanalijua jambo hili vizuri kutuzidi. Kwenye mbio za Comrades, kilomita 90 hivi kati ya Durban na Pietermaritzburg, zilizoanza mwaka 1921, kundi la namna hii linaitwa basi, na kiongozi wake anaitwa dereva. Dereva ana bendera yenye muda anaoulenga. Yeye ndiye anayesema sasa tunatembea, sasa tunakimbia, kilima hiki tunakipanda kwa miguu, pale kwenye nguzo tunaanza tena. Abiria wanaimba. Anayeona basi hili linamzidi anashuka na kungoja la nyuma. Wakimbiaji wanaochuana na saa ya mwisho ndio wanaoyategemea zaidi mabasi hayo, na dereva mzuri anajulikana kwa jina na watu wanamtafuta kabla ya mbio.

Na hao hao Comrades wana kitu kingine ninachotaka mkitazame. Zikitimia saa 12 kamili tangu mbio kuanza, ofisa anasimama kwenye mstari wa kumalizia akiwa amewapa mgongo wakimbiaji, ili asimwone mtu na kumwonea huruma, kisha anapiga bunduki. Aliye hatua mbili nyuma hapati medali. Ni ukatili, lakini ni ukatili uliotangazwa. Mtu alijua tangu siku anajisajili, akajipanga, akachagua basi lake. Sisi huku tunafungiwa kimyakimya, meza moja baada ya nyingine, na kijana wa maji ndiye anayetupa habari.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Siombi barabara ifungwe siku nzima. Honolulu wanaweza, mbio zao, tangu 1973, hazina saa ya kufunga, na mmoja wa waasisi wake, daktari wa moyo Jack Scaff, aliendesha darasa la wanaoanza ambalo kipimo chake kilikuwa mazungumzo: ukishindwa kuongea na mwenzako, unakwenda haraka mno. Kipimo hicho nakipenda, sisi wanawake wa Mbagala tunakifaulu bila kusoma. Lakini barabara ya Kilwa si ya Honolulu. Watu wanakwenda kazini, wagonjwa wanakwenda hospitali, mama ntilie anategemea wateja wa saa mbili. Nipeni saa ya kufunga. Ila iwe moja, iandikwe, na ifuatwe na wote, kuanzia trafiki hadi mwenye medali.

Ninavyoona mimi, mpango unaweza kwenda hivi. Fomu iongezewe swali: unakimbia, unakimbia na kutembea, au unatembea? Mkishapata majibu mtashangaa wingi wetu, na mtajua mnahitaji viongozi wangapi badala ya kubahatisha. Watembeaji wa kilomita 21 waondoke saa 11:30 alfajiri, nusu saa kabla ya wengine. Kwa mwendo wa dakika 10 kundi lao litafika saa 3 asubuhi, karibu sawa na wanaokimbia na kutembea walioondoka saa 12. Mfunga mkia atembee dakika 11 kwa kilomita. Atafika kama saa 3:22. Utepe ubaki wazi mpaka saa 3:30. Hiyo ndiyo saa yangu ya kufunga, na wala si usiku wa manane.

Saa 11:30 Dar es Salaam ni giza, nalijua hilo. Ndiyo maana nasema kundi, si mtu mmoja mmoja. Watembee wawili wawili upande wa kushoto, wavae vizibao vya kung'aa, na pikipiki moja iwe mbele na moja nyuma. Wakimbiaji wa ushindani watatupita mahali fulani katikati. Kiongozi akisikia filimbi ya pikipiki ya mbele anawasogeza watu wake ukingoni, wanapiga makofi, wale wanapita, basi. Nimewavusha watoto 300 barabara ya lami wakati wa Mwenge. Watu wazima sitini hawatanishinda. Na kuondoka mapema kuna faida ya jua. Anayetembea anakaa juani muda mrefu kuliko Simbu, tena saa ambazo jua limeshaamka kweli. Kumwondoa wa mwisho ili atembee saa tatu na nusu kwenye jua la pwani ni kupanga kinyume.

Barabara ifunguliwe nyuma ya mfunga mkia, kipande kwa kipande. Trafiki hahitaji kuangalia saa. Amwangalie mwenye bendera. Akipita, fungua. Meza ya maji vivyo hivyo: inakunjwa bendera ikishapita, si kabla. Atakayebaki nyuma ya bendera aambiwe usoni, kwa heshima, kwamba muda umepita, na awepo mwenye gari dogo la kumchukua. Mimi nikiambiwa hivyo nitapanda. Nilichokataa kupanda ni daladala la yule konda.

Kuhusu viongozi nataka nikae kidogo, maana hapa ndipo mpango mzuri huharibika. Msichague wenye kasi. Kijana anayemaliza kilomita 21 kwa saa 1 na dakika 20 hawezi kutembea dakika 10 kwa kilomita kwa saa tatu. Miguu inamwasha, anajikuta yuko mita 200 mbele anawasubiri watu huku amejishika kiuno, na hakuna kitu kinachomvunja moyo mtu mnene kama kusubiriwa namna hiyo. Kiongozi awe mtu ambaye mwendo huo ni wake. Kwenye kundi la kukimbia na kutembea awe na filimbi: moja kimbia, mbili tembea. Kabla ya kupiga mbili anyooshe mkono juu, ili wa nyuma wasiwagonge wa mbele. Dakika ya kutembea haifupishwi kilomita za mwanzo eti kwa kuwa watu bado wana nguvu. Hapo ndipo wanapozitunza. Kwenye maji kundi lisisimame mbele ya meza ya kwanza wote kama wako kwenye foleni ya daladala ya jioni. Wapitilize mpaka meza ya mwisho, wanywe wakitembea.

Na kiongozi afundishwe habari ya maji. Kwenye Boston Marathon ya mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta asilimia 13 chumvi ya damu imeshuka chini ya kiwango. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa mno mpaka uzito ukaongezeka njiani, na waliokaa barabarani zaidi ya saa nne. Yaani sisi. Mwenye kasi hana nafasi ya kunywa kupita kiasi. Wa nyuma anaipita meza moja baada ya nyingine, kila mmoja anamwambia "kunywa mama, kunywa", naye kwa adabu anakunywa. Siwezi kusema yule baba wa kwenye mtaro alikuwa na hilo; mimi si daktari. Najua tu kwamba angekuwa na kiongozi pembeni, kiongozi angemwona kilomita tatu mapema kwamba anaanza kurudia maswali.

Idadi? Kwa watoto 40 nilitumia mwalimu mmoja na viranja wawili. Watu wazima ni wasumbufu zaidi, kwa sababu wana simu na wanataka kujipiga picha. Wekeni watu 30 kwa kiongozi mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, wote wawili na namba ya simu ya gari la wagonjwa ambayo imepigwa ikapokelewa siku moja kabla. Namba iliyoandikwa tu kwenye bango haisaidii.

Mtaniambia habari ya gharama. Wadhamini wanataka picha za umati kwenye kuanzia na washindi kwenye kumalizia, na sisi wa saa tatu hatumo kwenye picha. Hapo tuongee kama wachuuzi wenzenu. Mshindi halipi ada, analipwa. Aliye wa 40 au wa 50 kwa kasi mara nyingi analetwa na timu yake. Sasa hesabuni fulana mnazouza, mwone nani anazinunua: mama wa saccos, wafanyakazi wa benki waliosajiliwa na ofisi, baba aliyeambiwa sukari imepanda. Sisi ndio tunaojaza lile eneo la kuanzia ambalo mdhamini analipigia picha kwa droni. Nusu ya medali mlizotengeneza zimeandikwa umbali ambao sisi tumeulipia. Kuzihesabu kwa idadi ya waliojisajili, na kumfungia wa kilomita 5 asichukue ya 21, hakuhitaji mdhamini wa pili.

Nchi zilizotutangulia nazo zilijikwaa kwanza. Mwaka 2019, kwenye mbio za London, watu wa nyuma walikuta magari ya usafi yameshawafikia, geti zinaondolewa, na baadhi yao walisema waliambiwa maneno ya kejeli kuhusu unene wao. Miongoni mwao alikuwemo kiongozi rasmi wa mwendo wa saa saba na nusu, aliyewekwa na waandaaji wenyewe! Mkurugenzi wa mbio, Hugh Brasher, akaomba radhi hadharani, na baadaye wakaweka watembeaji wa mkia. Kwenye parkrun, zile kilomita 5 za bure za Jumamosi zilizoanza na watu 13 kwenye bustani moja ya London mwaka 2004, kuna mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kumaliza wa mwisho. Mshiriki hawezi kuwa wa mwisho hata akitaka. Nafasi ina mwenyewe.

Nimebakiza neno moja, nalo ni kuhusu hotuba. Sijawahi kuhudhuria uzinduzi wa mbio ambao mgeni rasmi hakumtaja John Stephen Akhwari. Ni haki yake kutajwa. Oktoba 20, 1968, kule Mexico, Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda marathoni kwa saa 2:20:26. Akhwari wetu, goti limefungwa bandeji, alimaliza uwanjani kwa saa 3:25:27, wa 57, wa mwisho katika waliomaliza, giza limeingia na watu wengi wameshaondoka. Tumemfanya somo darasani; mimi mwenyewe nimelifundisha. Lakini jiulizeni kitu kimoja wakati hotuba ikiendelea: kwa utaratibu mlionao leo, siku ile ya Mexico angemkuta nani pale kwenye utepe? Mpima muda alikuwepo. Ndiyo maana tunaujua muda wake mpaka sekunde. Wa kwangu haujulikani.

Kikundi chetu kiko tayari kutoa viongozi sita kwa mbio zitakazokubali kujaribu. Hatutaki malipo zaidi ya nauli na chai. Filimbi tunazo. Bendera ya njano nimeishona mwenyewe kwa kitambaa cha sare zilizobaki, mlingoti wake ni mpini wa fagio, na Jumamosi iliyopita tuliijaribu kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Kongowe na kurudi, dakika moja kukimbia, moja kutembea. Tuliondoka watu 27, tukarudi 27, ingawa mmoja alishuka njiani kununua mihogo, ikabidi mfunga mkia amsubiri.

Mwalimu mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam